Mativo Kyule, Aliyewashiwa Taa na Hatua za Mkewe

Mzee Mativo Kyule alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Mbooni, mtoto wa pili wa marehemu Kyule na marehemu Ndinda. Siku hiyo ngurumo iliketi juu ya paa, ikakataa kuondoka hadi ilipomsikia akilia. Anayetaka kubisha abishe. Walioshuhudia wote wametangulia.

Alisoma hadi darasa la saba mwaka wa 1966, kisha akajifunza ufundi wa redio Pumwani, Nairobi. Kuanzia 1973 alikuwa na kibanda karibu na Soko la Burma, akitengeneza redio na mizani za wauza nyama.

Tarehe 9 Agosti 1975 alimwoa Nzilani, ambaye hakukanyaga darasa lakini kwa maneno hakushindwa. Walijaliwa Kavinya na Muindi, wakalea watoto hao huko huko Nairobi, mtaa wa Mowlem.

Alipostaafu mwaka wa 2019, alianza kutafuta umeme wa kutembea. Alichukua vibati viwili vyembamba, kimoja akakivika nailoni. Mtu akikanyaga vinagusana. Akiinua mguu vinaachana, na umeme kidogo unapita kwenye waya hadi kwenye taa ya ukubwa wa punje ya mchele. Nailoni yenyewe ilitoka kwenye petikoti ya harusi ya mkewe, iliyokuwa na cheche hadi paka wa ploti akiigusa manyoya yanamsimama kama brashi ya choo.

Nzilani aliikuta sandukuni ikiwa nusu. "Baba Kavinya, hii iliyobaki nivae kichwani?"

"Hiyo inashika umeme kuliko nguo zako zote. Nilizijaribu."

Mwaka wa 2022 aliwaita watu Burma, akaweka kifaa chake chini ya gogo la kukatia nyama la Irungu, mmoja wa wauza nyama wa hapo. Irungu akapiga shoka mara arobaini. Hakuna kitu. "Mzee, sasa nipige na kichwa?" Soko lote likacheka. Mativo alirudi nyumbani, akala kidogo, na hakumwonyesha mtu tena.

Novemba 2024 alipatwa na kiharusi. "Miguu ndiyo hiyo imekwisha," alimwambia mkewe, "na sijaiona taa ikiwaka."

Nzilani alikuwa amenuna miaka mitano kwa ajili ya petikoti, lakini hilo lilimchoma. "Petikoti yangu ilitoa cheche wakati wa kiangazi tu," akasema. "Mvua ikinyesha ilikuwa nguo kama nguo. Na gogo la Irungu halijakauka tangu lilipokuwa mti."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulichukua mkasi."

Januari, Nzilani alivianika vibati juani siku mbili. Mjukuu wao Kavata akavifunga ndani ya karatasi ya mkate visipate unyevu, akavishonea chini ya ndara moja ya bibi yake, na taa akaiweka kwenye ukanda wake. Nzilani akavaa ndara, akafunga pazia, akazunguka kitanda cha mumewe. Ikawaka. Ikazima. Ikawaka.

"Unaona?"

"Naona. Ni kama jicho la panya. Zunguka tena, Mama Kavinya."

Tangu hapo alizunguka kila alasiri, mumewe akihesabu. Kwa hesabu ya Nzilani, alifika Mombasa na kurudi.

Mzee Mativo alifariki nyumbani tarehe 11 Septemba 2025, kwenye mzunguko wa saba. Nzilani alikuwa amemaliza wa nane alipogundua kwamba hakuna anayehesabu.

Ameacha mjane Nzilani, watoto Kavinya na Muindi, mjukuu Kavata, na kaka yake Mutunga.

Irungu ameomba kubeba jeneza upande wa mbele. Amevaa zile ndara, na zinambana. Hapa Mbooni leo kumekauka vizuri. Tazameni mguu wake.

Pumzika kwa amani, Mativo. Kutembea tuachie sisi.