Hori la Maji la Mtaa wa Lomandra

Mheshimiwa Meya, Shangazi Verna, uliyetukaribisha asubuhi hii katika ardhi ya wazee wako, Wanoongar wa Australia Magharibi, Daktari Imogen Teale wa hospitali ya ndege wa porini, Mwalimu Mkuu, walimu, na wanafunzi mliosimama juani ili sisi wazee tupate kivuli, ndugu majirani wa Mtaa wa Lomandra, mliokuja na viti vyenu na mliokuja na mbwa wenu: nawasalimu nyote.

Kamati ya wakazi, ambayo mimi ni katibu wake, imenituma nikabidhi hori hili la maji mnaloliona juu ya nguzo. Naifanya kazi hiyo nikiwa nimeshusha pumzi, kwa sababu tangu kiangazi cha mwaka jana sikujua kama siku hii ingefika, na kama ingefika, sikujua kama jirani yetu mmoja angekuwapo.

Mnakumbuka tulivyoanza. Tulikuwa tukikutana Jumamosi katika ukumbi wa shule kujifunza namna ya kuishi na ndege mjini. Tulijifunza kubandika alama kwenye vioo vya madirisha ili wasijigonge, kufungia paka ndani, kuiacha miti mizee yenye mashimo ya kutagia. Tulijifunza pia habari za kasuku weusi wenye mikia myekundu, karrak, kwamba wakishashiba kokwa za mti wa marri, jamii ya mkalitusi, lazima wanywe maji. Wengi wetu tulizoea kuwahesabu ndege hao ili kujua mvua itanyesha siku ngapi. Shangazi Verna alitusikia, akauliza, "Wangekuwa na mvua yao, wangekuja kunywa kwenye mabakuli ya mbwa wenu?"

Basi joto la Februari lilipopamba moto, tukaambizana: wekeni maji nje. Lakini nani kati yetu aliuliza, nje wapi?

Hakuna aliyelitii somo lile kama Mzee Ante Vuletich. Alichukua pipa la mvinyo la marehemu baba yake, akalikata nusu kwa msumeno, akaliweka ukingoni mwa barabara mbele ya lango lake na kulijaza maji kila asubuhi. Ng'ambo ya barabara, mbele ya nyumba ya Bi Thelma Prosser, ndipo uliposimama mti wetu mkubwa wa marri. Karrak wakala ng'ambo ile, wakanywa ng'ambo hii, na sisi tukapita na kupiga picha, na kumsifu. Mzee Ante akawa anaketi kwenye kiti chake kando ya pipa kama mwenye mgahawa.

Asiyemsifu alikuwa Bi Thelma. Kokwa za marri ni ngumu kama gololi, na zilianguka kwenye njia yake ya kuingilia nyumbani. Mtaa mzima ulimsikia akisema, "Ante, hao ndege wako wananitembeza kama niko juu ya barafu." Na Mzee Ante akajibu bila kuinuka, "Wangekuwa wangu, ningewafundisha adabu."

Kisha ikaja siku ile. Dume mmoja alikunywa akashiba, akainuka kwa uzito kuvuka barabara, chini chini, usawa wa kioo cha mbele cha gari. Gari lililomgonga lilikuwa la Bi Thelma, akirudi kutoka kuogelea.

Ndugu zangu, niseme lililosemwa. Siku ile maneno yalipita ukuta hadi ukuta, kwamba mama yule hakukanyaga breki kwa makusudi. Wahenga wanasema lisemwalo lipo. Safari hii halikuwapo. Aliyeshuka kwenye gari akapiga magoti kwenye lami ya moto alikuwa yeye. Aliyemfunga ndege kwa taulo lake alikuwa yeye. Na aliyeng'atwa kidole hadi mfupa na mdomo unaopasua kokwa za marri, akaendesha gari hadi hospitalini bila kumwachia, alikuwa yeye. Sisi tulisimama tukitazama.

Mzee Ante alilipasua pipa la baba yake kwa shoka, akaingiza kiti ndani. Nilipokwenda kumjulia hali, alizungumza nami akiwa nyuma ya lango lililofungwa. Akaniambia, "Katibu, mimi niliwaita waje kunywa. Ndege yule akiruka tena, nitatoka. Asiporuka, niacheni." Nikamuuliza Daktari Teale kama ataruka. Akasema bawa limevunjika mahali pabaya, hawezi kuniahidi.

Jumamosi iliyofuata Bi Thelma aliingia darasani kwetu kwa mara ya kwanza, kidole kikiwa na bandeji, akatueleza alichojifunza kwa daktari: ndege aliyeshiba maji huinuka polepole, chombo kikae juu, mbali na barabara. Hakuishia hapo. Alizunguka lango kwa lango akiamuru mabakuli yaondolewe chini, na mnajua Bi Thelma akiamuru anavyoamuru. Na kokwa alizokuwa akizilalamikia? Akawa anazifagia, anazitia mfukoni na kumpelekea mgonjwa. Kila akirudi hospitalini alisimama langoni kwa Mzee Ante na kupaza sauti: "Leo amemng'ata daktari!" Au, "Leo amekunjua bawa, ila ana kisirani kama wewe!" Lango halikufunguliwa. Lakini pazia, majirani, lilisogea.

Alhamisi iliyopita ndege aliletwa kwenye sanduku, chini ya marri ule ule. Bi Thelma alikwenda kugonga lango hadi Mzee Ante akatoka. Alipoambiwa afungue sanduku, mzee alirudi nyuma akisema hastahili. Bi Thelma akamwambia, nami nilikuwa karibu nikasikia, "Wewe ulimwita, mimi nikamgonga. Shika upande huo."

Wakafungua wote wawili. Ndege akatoka, akatua juu ya uzio, akakaa. Kisha jike mmoja akaita kutoka juu ya mti. Kama ndiye mwenziwe, Daktari Teale hataki kuapa, mimi naapa. Dume akapiga mabawa, akapanda hadi tawi la juu kabisa, akachuma kokwa, akaitafuna, akaidondosha katikati ya boneti ya gari la Bi Thelma.

Bi Thelma akalitazama gari lake, akasema, "Amepona huyo."

Na Mzee Ante akacheka hadi akashika uzio.

Mheshimiwa Meya, tunaishukuru Halmashauri kwa nguzo na kwa kuuacha mti wa marri bila kuukata. Mwalimu Mkuu, tunakushukuru kwa kutupa kona hii ya uwanja, mbali na magari. Wanafunzi, hori ni lenu kulisafisha, msilichoke. Na kwa wote waliokuja darasani, na wale wawili waliotufundisha somo ambalo halikuwamo darasani, tunawashukuru.

Mzee Ante, leo umekuja na kiti chako, tumekiona sote. Kiache kidogo uje hapa kwenye koki. Bi Thelma, shika upande huo.

Nimewachosha kwa maneno, nanyi mmenivumilia. Asanteni. Sasa tuyasikilize maji.