Aliyewavuta Kinamasi Kizima

Benchi lenyewe ni ubao wa daraja la zamani uliolazwa juu ya matofali, mbele ya banda la fundi baiskeli, pale mji unapokoma na barabara ya lami kupanda tuta ili ikatize kinamasi. Kupanda ni neno la heshima tu. Tuta lenyewe halizidi kimo cha mtoto, na ukishakuwa juu yake barabara imenyooka kama imepigwa rula, matete huku, maji kule, mpaka macho yachoke yenyewe. Alfajiri wabeba matete huingia kinamasini kwa baiskeli, na adhuhuri hurudi, wengi wao wanawake, kila mmoja na mzigo mpana mgongoni mwa baiskeli, wamejipanga mshazari kuukwepa upepo, gurudumu la huyu karibu na kisigino cha yule. Kengele zao husikika kabla wao hawajaonekana. Wenye kijiwe wamezisikia kengele hizo tangu wazaliwe, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujiuliza zinapigwa kwa nini.

Jumanne hiyo fundi, ambaye wote humwita Spoku, alikuwa amewapa mgongo. Alikuwa akinyoosha gurudumu ambalo halikuwa limepinda. Juu ya kichwa chake, kwenye msumari, ilining'inia baiskeli ya mashindano ya mpwa wake, binti wa marehemu dada yake, aliyemlea mwenyewe ndani ya banda hilo kati ya tyubu na makopo ya gundi. Jumapili ilikuwa siku ya mashindano. Binti aliingia kinamasini akiwa mbele ya wanawake wote, akatoka kinamasini akiwa mbele yao wote, na mji mzima ukamwona na kushangilia. Halafu, pale mitaa inapoanza na mwisho uko mita chache, wakampita mmoja baada ya mwingine kama aliyesimama kusubiri mtu. Alimaliza na wa mwisho. Aliporudi aliitundika baiskeli, akamwambia mjomba wake neno moja tu: iuze. Jumatatu alfajiri akarudi kwenye matete.

Spoku hakuwa ameiuza. Hakuwa ameigusa hata kwa kitambaa. Kila alipoiangalia aligeuza macho haraka, maana baiskeli ile aliijenga yeye mwenyewe kwa vyuma vya kuokoteza, na usiku wa kuamkia mashindano aliipunguza uzito mpaka akaridhika. Alitoa madigadi, akatoa keria, akatoa kengele. Kengele hiyo sasa ilikuwa ndani ya kopo la skrubu, na kila alipoingiza mkono kutafuta skrubu ililia kidogo.

Kwenye benchi walikuwa watatu. Mama Birika, mwenye kahawa yake na vikombe vyake. Redio, kinyozi wa jirani, ambaye kiti chake hukaa kitupu asubuhi nzima kwa sababu mwenyewe yuko hapa akitangaza. Na mzee Greda, aliyeendesha greda wakati tuta linajengwa, na ambaye tangu siku hiyo huita barabara hiyo ‘yangu’.

— Tatizo ni barabara yangu, alisema Greda. Haina mlima hata mmoja. Mtu wa hapa kwetu hajui kumaliza, kwa sababu hajawahi kuona kitu kikiisha.

— Tatizo ni mapafu, mzee wangu, alisema Redio. Yule aliyeshinda ametoka milimani. Wale watu wanazaliwa na mapafu matatu. La tatu wanaliweka akiba, wanalifungua karibu na mwisho.

— Nani kakwambia?

— Nimemnyoa mtu aliyewahi kulala huko.

Mama Birika alimimina kahawa akasema wanaume wanajua kuongea, lakini hawana macho. Yeye alisimama kando ya barabara tangu mwanzo na aliona kwamba upepo wa siku ile haukuwa wa hapa. Wa hapa anaujua, ukipita hata birika linanung'unika. Ule ulikuwa wa kuletwa. Redio akataka kujua upepo unaletwaje, mama akamjibu kwamba wenye kuleta vitu hawamwambii kinyozi.

Greda hakukubali kushindwa. Alieleza taratibu, akichora kwa kidole juu ya ubao, kwamba siku ile watu walijazana wote upande wa mjini kutazama. Tuta lake ni la udongo wa kinamasi, analijua kama anavyojua goti lake bovu. Likalemewa, likazama pale waliposimama, na mbele yao, kule mwisho, kukainuka. Kwa hiyo mtoto alimalizia kwa kupanda mlima, mlima uliotengenezwa na mashabiki wake mwenyewe.

— Basi tumshtaki nani? aliuliza Redio.

— Wewe. Ulisimama pale na tumbo hilo.

Hata Spoku alitabasamu, ingawa hawakumwona. Walikuwa wakimfariji kwa namna yao, na alilijua hilo. Lakini Redio ana ugonjwa wa kutoweza kunyamaza kikombe kikiwa bado na kahawa.

— Mimi simo, alisema. Nasema tu yanayosemwa kwenye kiti changu. Watu wanasema alitaka sifa. Alitaka kila mtu amwone yuko mbele, akajimaliza bure.

Spana ikamponyoka Spoku, ikagonga sakafu. Mama Birika alimtazama kinyozi kwa jicho ambalo lingenyoa mtu bila sabuni. Spoku aliinama kuiokota na hakuinuka haraka, kwa sababu neno hilo la sifa ndilo lililokuwa likimtafuna tangu Jumapili. Alijiuliza kama kweli alimlea mtoto wa kujionyesha. Na aliona aibu kwamba alikuwa anajiuliza.

Ndipo alipofika mgeni, mwanamke kijana mwenye miguu mikavu na mkoba mgongoni, akisukuma baiskeli yenye matairi membamba. La nyuma lilikuwa limelala chapa. Akamwamkia fundi shikamoo, akawaamkia na wengine, akaomba azibiwe pancha. Walimpisha akae. Mama Birika akampa kikombe, na Redio, ambaye hawezi kuona sikio jipya akaliacha, akamuuliza kama yeye, anayeonekana mtu wa baiskeli, anaamini kwamba watu wa milimani wana mapafu matatu.

Mgeni alijishika mbavu, akafikiri kidogo.

— Sijawahi kuhesabu, alisema. Ila mimi ndiye niliyeshinda Jumapili.

Redio akakumbuka kwamba ana mteja. Aliinuka, hakuona mteja, akakaa tena.

— Nimemfuata yule dada aliyekuwa mbele, alisema mgeni. Nimeambiwa ni wa hapa. Nina swali moja tu, limeninyima raha tangu juzi.

— Uliza, mwanangu, alisema Greda, akijiweka sawa kama mwenye barabara.

— Upepo ulikuwa wa ubavu, mbaya sana. Kinamasi kizima nilikaa nyuma yake, sikuonja upepo hata kidogo. Na wenzangu hivyo hivyo. Tulijua atachoka, atatoka, atakuja mwingine. Akachoka kweli, niliyaona mabega yake yakitetemeka. Hakutoka. Hakugeuka hata kututazama. Alituvuta wote mpaka mjini kama mama mwenye watoto. Mimi ningetoka mapema sana. Kwa nini hakutoka mbele?

Greda aliitazama barabara yake na haikumsaidia. Redio alifungua mdomo, akaufunga, jambo ambalo hata mkewe hajawahi kuliona. Mama Birika aliinua birika ajaze vikombe, na birika lilikuwa tupu.

Spoku alikuwa ameshika tyubu mkononi, hajaiwekea kiraka. Alikumbuka usiku ule anaifungua kengele. Binti alikuwa amesimama pale mlangoni akamuuliza kama wenzake watakuwa nazo. Na yeye akacheka, akamwambia wenzake na wabebe kengele zao kama wanaopeleka matete sokoni, yeye aende mwepesi. Binti akaenda kulala. Alikuwa mtu wa kumwamini mjomba wake.

Basi zikasikika, ting, ting, kutoka kinamasini. Msafara wa matete ulikuwa unarudi. Kwa mara ya kwanza kijiwe kizima kiligeuka kutazama kitu ambacho kimekuwa kikipita mbele yake kila siku. Wa mbele alikuwa ameinama, anapambana na upepo, na nyuma yake wenzake wameinua vichwa wanapiga soga. Mmoja wao akapiga kengele. Wa mbele akatoka pembeni, akaachia, akateleza mpaka mkiani, na aliyepiga kengele akashika nafasi yake. Kengele moja tu ilitosha. Mgeni alikuwa amesimama, kikombe kimeinama mkononi na kahawa inamwagika.

Binti alikuwa wa tatu. Alipomtambua mgeni uso wake ulijifunga, lakini aliegesha baiskeli na mzigo wake, akaja, akamsalimia mjomba, akasalimia wakubwa. Mgeni akamuuliza lile lile swali. Binti alifuta jasho kwa ncha ya khanga na kujibu kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda dukani.

— Hakuna aliyepiga kengele.

— Tungepigaje? Baiskeli zetu hazina.

— Hilo nilikuja kulijua baadaye, nilipokwisha kupitwa. Ukiwa mbele humwachii mwenzako upepo mpaka mwenyewe aseme amepumzika. Nilidhani bado mmechoka.

Mgeni aliinamisha macho.

— Tulikuwa tumepumzika, dada. Wote.

— Basi mlipumzika vizuri, alisema binti, na akacheka kidogo, kicheko ambacho Spoku hakuwa amekisikia tangu Jumapili.

Fundi alijivuna mpaka akaona kifua hakimtoshi, na hakujificha. Aliwageukia wenye kijiwe, akamtazama hasa Redio.

— Mmesikia? Huyo ni wa dada yangu, nimemlea mimi. Kawatangazie hao wa kwenye kiti chako.

— Natangaza leo leo, alisema Redio kwa unyenyekevu.

Spoku alimaliza pancha. Kisha akaingiza mkono kwenye kopo la skrubu, akatoa ile kengele, akaipangusa kwa shati lake mwenyewe, akaanza kuifunga kwenye usukani wa mgeni.

— Fundi, hii yangu ni ya mashindano.

— Najua. Ya huyu hapa nilishaipunguza uzito, nikaharibu. Yako naiongezea.

Mgeni akaishikilia baiskeli isitikisike. Halafu akamwambia binti kwamba mwezi ujao timu yao ina mashindano mengine, nchi tambarare kama hii, upepo mtupu, na huko kwao hakuna anayejua kukaa mbele ya upepo. Binti alimtazama mjomba wake. Mjomba alipanda juu ya kigoda, akaitungua baiskeli.

Wakaondoka wawili, kuijaribu tu. Binti mbele, mgeni kisigino chake, wakawa wadogo, kisha matete yakawameza. Mama Birika hakwenda kuchemsha kahawa nyingine. Greda aliweka mkono nyuma ya sikio lake zima. Spoku alikuwa bado juu ya kigoda, koleo mkononi, anaung'oa ule msumari ukutani, akasimamisha mkono ili asikie vizuri.

Upepo ulivuma ubavuni kama kawaida yake. Halafu kutoka mbali, kule kinamasini, kengele ikalia mara moja.

— Mtoto wangu anarudi nyuma kupumzika, alisema Spoku, na msumari ukatoka.