Mapatano ya Lodi na Soko la Mtoni

Bwana D.O., Chifu wetu, Padri, Maalim wa msikiti, wazee wa Amagoro mliovaa makoti kwenye jua hili, wazee wa Bumala mliochelewa kama kawaida yenu, walimu, akina mama wenzangu wa soko, na wewe Mwalimu Odeke ambaye tumekuja kukuaga: hamjambo nyote? Nimeambiwa niseme kwa ufupi. Aliyeniambia hajawahi kuuza dagaa wa omena juani, kwa hiyo nitasema mpaka nimalize.

Kwa wageni wasionijua, mimi ni Eucabeth, mwenyekiti wa akina mama wa Soko la Mtoni. Kusoma nilisomea ukubwani, katika darasa la ngumbaru la huyu Mwalimu anayestaafu leo. Sisi tulitaka kujua kuandika majina yetu na kusoma mizani, basi. Yeye akatufundisha hayo, kisha akaanza kutusimulia vita vya Wataliano wa zamani. Tulimcheka! Tulimwambia, Mwalimu, sisi tunagombania uwanja wa soko, wewe unatuletea Milano na Venisi?

Lakini mnakumbuka hali ilivyokuwa mwaka ule wa kwanza wa Uhuru. Watu wa ng'ombe kutoka Amagoro, wakiongozwa na Mzee Egwang, walitaka uwanja wa juu, ule usiojaa maji mvua ikinyesha. Watu wa nafaka kutoka Bumala, wakiongozwa na Mzee Protus, waliutaka huohuo. Vibanda vikachomwa, vichwa vikapasuliwa. Na ni nani aliyewabeba majeruhi wa pande zote mbili kwenda hospitali, bila kumuuliza mtu kabila lake? Ni Mzee Mbarak wa Busia mjini, mwenye malori, ambaye damu yetu ilimharibia magunia yake na hakusema neno.

Ndipo Mwalimu akasimama barazani akatupa habari ya Lodi. Milano na Venisi, alisema, walipigana kwa karibu miaka thelathini, mpaka hazina zikakauka na watu wakachoka kuzika. Mtawa mmoja asiye na jeshi akawa anapita kimya kimya kati yao akibeba maneno ya huku na ya kule, mpaka mwaka wa 1454 wakapatana katika mji uitwao Lodi, na mto Adda ukawa mpaka. Baada ya kusema hayo, Mwalimu akapanda baiskeli yake, akawa mtawa wetu, ila mtawa mwenye mke na watoto tele. Leo kwa Egwang, kesho kwa Protus. Alitukanwa huku, akatukanwa kule, mpaka wakakubali kupokezana uwanja, wiki hii ng'ombe, wiki ijayo nafaka.

Mapatano yale tuliyafunga kwa desturi yetu. Chungu cha ajon, pombe yetu ya wimbi, kiliwekwa katikati, wazee wakakizunguka na mirija yao mirefu, na Egwang na Protus wakavuta kwa mrija mmoja. Niliona kwa macho yangu watu waliokuwa wakiwindana wakifutana povu mdomoni. Jamani, ilikuwa siku njema!

Lakini Mwalimu alitazama huku na huku, akauliza, "Mzee Mbarak yuko wapi?" Mzee Protus, na hapa utanisamehe baba, nakutaja kwa sababu wewe mwenyewe umeniruhusu, akajibu, "Hawa Waislamu hawanywi. Tuwaite waje kututazama?" Watu wakacheka.

Mwalimu hakucheka. Alisema hata kule Lodi kulikuwa na mfalme wa Napoli ambaye hakushirikishwa, akakasirika sana, na wale wakubwa hawakumwacha na hasira yake. Walimtumia wajumbe, wakambembeleza, mpaka mwaka uliofuata naye akaingia. "Twendeni tukamwone Mbarak," akasema, "kesho asubuhi." Wazee wakasema wiki ijayo. Wiki ijayo ilikuwa mvua. Iliyofuata ilikuwa palizi. Wazee wangu, ni palizi gani hiyo iliyochukua miaka minne?

Habari za chungu Mzee Mbarak alizipata kwa wapagazi. Hakugombana na mtu. Aliyaondoa tu malori yake yaliyokuwa yakichukua mizigo ya soko letu, na leo mnaona wenyewe: ng'ombe wanaletwa sokoni na kurudishwa nyumbani, mtama wetu unaliwa na fukusi, na ule uwanja tuliopasuana vichwa kwa ajili yake unaota majani.

Mwaka huu, kabla ya Ramadhani, Mzee Mbarak alifariki. Tulikwenda matangani, wengi sana, maana kwenda kuzika hatuchelewi. Binti yake Zainabu, ambaye sasa ndiye mwenye malori, aliniketisha pembeni akaniambia, "Mama, Baba alikuwa akituamrisha kila siku ya soko tutoe viti nje na kuinjika chai. Alisema wazee watakuja leo. Aliendelea hivyo mpaka akaugua." Mpaka leo naumia nikikumbuka vile viti.

Mwalimu, tulichanga tukununulie redio uende nayo kwenu Kumi, ng'ambo ya mpaka. Umeikataa. Umesema zawadi unayotaka ni kusindikizwa, lakini si mpaka kwenye basi. Unataka tukusindikize sote, watu wa ng'ombe na watu wa nafaka, mpaka nyumbani kwa Zainabu. Tulimwalika hapa leo, naye hakuja, na mimi simlaumu hata kidogo.

Nasikitika kwamba umetufanyia kazi ya mtawa na sisi tumeiharibu kwa uvivu na kicheko. Wale wa Lodi walimfuata mfalme wao akiwa hai. Sisi wetu tumemzika kwanza. Na sijui kama binti yake atatufungulia. Asipotufungulia, Bwana D.O., tafadhali mtu yeyote asimlazimishe.

Nawashukuru kwa kunivumilia na mdomo wangu huu. Sasa inukeni, twende. Mzee Protus, utabisha hodi wewe. Akinyamaza, bisha tena.