Chai ya Glenys Ackroyd kwa Basi la Mwisho

Ijumaa hii Glenys Ackroyd anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja upande wa treni hapa Kituo cha Tanner Row. Wasifu nimepewa niuandike mimi, Desmond Pickles, mkaguzi wa ratiba upande wa mabasi. Aliyenichagua hajulikani. Namshuku Glenys mwenyewe.

Tunavyoishi mnajua: paa moja, waajiri wawili, na kila upande na birika lake. Ndiyo maana nilipomwona akivuka ukumbi na kikombe cha chai, akimpelekea Nasreen Akhtar, dereva wa basi la mwisho la kwenda Holme Edge, nilijua kuna namna. Mtu wa treni hatoi chai bure.

Nikafungua daftari. Siku nyingine chai ilikuja, nyingine haikuja. Ikija, basi lilichelewa dakika tano, kwani dereva haruhusiwi kuendesha na kikombe mkononi, na chai ile ilikuwa ya moto wa kubabua ulimi. Nilishuku umbeya. Nilishuku, kwa aibu nasema, kwamba anataka mabasi yetu yaonekane mabovu kuliko treni zao. Nikaandika ripoti ambayo ingemwachisha Nasreen kazi.

Jioni ya kuiwasilisha nilijibanza nyuma ya kibanda cha magazeti. Chai ikafika. Punde treni iliyochelewa ikaingia, na abiria kumi na mmoja wakatoka mbio, muuguzi mmoja akiwa ameshika viatu mkononi. Wakapanda wote. Nasreen akamaliza funda la mwisho, akaondoka. Kanuni zetu zinakataza basi kusubiri treni. Kuhusu chai hazisemi kitu.

Glenys akapita kando yangu bila kugeuza shingo. "Desmond wangu, ukichoka kujificha nenda nyumbani. Kuna baridi."

Ripoti niliichana, lakini sikumwomba radhi. Miaka kumi na minne nimekuwa nikigeukia ukutani kila anapovuka ukumbi, nikijifanya nasoma ratiba niliyoiandika mwenyewe. Naomba radhi sasa, mbele ya wote.

Glenys, asante kwa kila aliyefika nyumbani kwake. Uende na afya na furaha, na ulale mpaka jua litoke. Kuanzia Jumatatu chai ya Nasreen nitaipeleka mimi. Anayetaka kuandika ripoti, jina langu analo.