Ruhusa ya Mzee Brashi

Kijiwe chenyewe si kikubwa. Ni benchi moja la mbao nje ya kibanda cha Chaji, fundi simu, pamoja na kreti mbili za soda kwa ajili ya wanaochelewa. Mkono wa kulia kuna kinyozi, mbele kuna barabara, na ng'ambo ya barabara kuna kibanda cha mkate chenye bango lililochorwa kwa mkono: MKATE WA LEO. Kila asubuhi Shangazi huja na birika lake la kahawa, na kahawa ikiisha mazungumzo nayo yameisha, hata kama mtu alikuwa katikati ya neno. Watu wa hapo wanajua kila kitu. Wamejuaje, hilo usiwaulize, utawavunjia heshima.

Asubuhi hiyo Chaji hakuwa na hamu ya kujua lolote. Kabla hajafungua hata kufuli la kibanda, mke wa Mzee Brashi alikuwa ameshampigia.

— Mwanangu, baba yako simwoni kwenye simu. Kile kidoti chake kimeganda sebuleni tangu jana, na mwenyewe ameshatoka.

— Usijali, mama. Atakuja hapa kama kawaida. Nitalishughulikia.

Alijibu kwa sauti ya kifundi. Kidoti hicho alikiweka yeye kwa mkono wake. Mzee Brashi alikuwa mchora mabango, na nusu ya mabango ya maduka ya mtaa ule yalikuwa kazi yake, hata hilo bango la mkate. Siku hizi kumbukumbu zinamtoroka. Kuna siku alitoka kwenda kununua sabuni, akaja kupatikana usiku kwenye lango la shule ya mbali huko, anapapasa herufi alizozichora ujanani, njia ya kurudi haijui. Kesho yake mkewe alimletea Chaji simu ya mzee, mzee mwenyewe akiwa amelala, akamwomba aitegeshe ili kwenye simu yake awe anaona mume yuko wapi. Chaji akaitegesha. Mzee hakuambiwa. Mama alisema kumwambia ni kumtia unyonge bure, na Chaji akakubali, kwa sababu alimpenda mzee yule. Huyo ndiye aliyemwandikia neno FUNDI juu ya mlango, wakati Chaji mwenyewe bado hajaamini kwamba ni fundi.

Mzee akaja kweli, shati limenyooshwa, rangi ya zamani bado iko kwenye kucha. Akatoa simu mfukoni, akampa Chaji.

— Hebu nisomee hii, mwanangu. Tangu jana inaniuliza kitu. Herufi ndogo hivi, aliyeziandika hakutaka zisomwe.

— Nikusomee sasa hivi?

— Ngoja kwanza nikanyolewe hizi ndevu. Nikirudi utaniambia.

Akaingia kwa kinyozi. Kutoka kwenye benchi ilionekana miguu yake tu chini ya pazia. Chaji akasoma kimyakimya, akasoma tena, kisha akawasomea wenzake kwa sauti ya chini:

— “Sasa tuna huduma yetu wenyewe ya kutambua mahali ulipo. Hatutegemei tena kampuni nyingine. Mahali ulipo hapataonyeshwa kwa yeyote mpaka ukubali. Kuna mtu mmoja aliyekuwa anakuona: Mama Watoto. Aendelee?” Halafu chini kuna Ndiyo na Hapana.

— Si ndiyo niliyokuwa nawaambia, akasema Profesa.

Profesa hajawahi kufundisha popote. Jina alipewa kwa sababu husoma hata gazeti lililofungiwa vitumbua vya mtu mwingine.

— Ulituambia nini? Shangazi akauliza huku akimmiminia.

— Zamani simu ikitaka kujua uko wapi, ilikuwa inakwenda kuulizia kwa jirani. Sasa kila anayetengeneza simu anataka ajue mwenyewe, nyumbani kwake, bila kumuuliza mtu. Kwa nini? Kwa sababu ukijua mtu anakokwenda, umemmaliza. Anayekwenda duka la dawa kila siku ni mgonjwa. Anayepita njia ya nyuma kuna mtu anamkwepa.

— Na wewe unayepita njia ya nyuma unamkwepa nani?

— Shangazi, tusiingie kwenye mambo binafsi.

Kamanda akakohoa. Huyu alilinda mageti ya watu maisha yake yote, na hadi leo hukaa benchini ametazama pande zote mbili kwa zamu.

— Mimi hawanipati, akasema. Simu yangu humpa dereva wa gari la taka, anazunguka nayo mji mzima. Huko kwenye mitambo yao wanajua mimi ni mtu wa safari nyingi.

— Kumbe ndiyo maana ukipigiwa anapokea mtu wa taka.

— Ndiyo gharama ya usalama.

— Gari la taka si kitu, akasema Profesa. Wana mpango mkubwa kuliko huo. Wakishajua sote tunapita wapi, watakuwa wanatuzungusha. Simu inakwambia barabara hii ina foleni, pita ile, kumbe huko kuna duka la shemeji yao. Miaka michache tu, mtu hatakuwa na njia yake mwenyewe hata ya kwenda chooni.

— Hata chooni? Shangazi akashika kiuno. Basi mimi nasikia inajua hadi unalala upande gani wa kitanda. Nimeanza kulala upande wa marehemu mume wangu, iwachanganye.

Hapo hawakujua wacheke au wampe pole. Shangazi mwenyewe akacheka, mambo yakaisha.

— Haya, Kamanda akasema na kuinama karibu. Mzee anakaribia kumaliza. Bonyeza Ndiyo tuendelee na maisha.

— Abonyeze yeye kama nani? Profesa akadakia. Huko ni kumwibia mtu.

— Heri tumwibie siri kuliko kumpoteza yeye mwenyewe. Wewe siku ile ya shule hukuwa unamtafuta gizani. Mimi nilikuwepo. Mama yule alikuwa anaita jina lake kila kona mpaka sauti ikakauka.

— Nalijua hilo, Kamanda.

— Basi kama unalijua, nyamaza abonyeze.

Chaji akaweka kidole juu ya Ndiyo. Hakikushuka. Alimwona mama yule kichwani akizunguka kona kwa kona, halafu akamwona mzee amesimama juu ya ngazi, anachora herufi ya kwanza ya FUNDI, anageuka kumuuliza kama rangi ameipenda.

Kwenye kreti ya pili alikuwa amekaa dada mmoja mgeni, aliyeleta simu yake iliyopasuka kioo. Tangu afike alikuwa anakunywa kahawa yake bila neno.

— Samahanini, akasema. Mwenyewe anasemaje?

— Mwenyewe nani? Kamanda akauliza.

— Huyo mzee. Kuhusu kuonwa. Yeye anasemaje?

Kamanda akamtazama Profesa. Profesa akatazama kikombe. Shangazi akalitikisa birika, ingawa hakuna aliyeomba kuongezewa.

Pazia likafunguka. Mzee Brashi akatoka, kidevu kinang'aa, akaja kukaa mahali pake.

— Ehe. Ilikuwa inaniuliza nini?

Chaji akaondoa kidole. Akamsomea yote, neno kwa neno, mpaka lile jina, Mama Watoto, na lile swali. Kisha akamwambia nani aliitegesha.

— Tangu lini?

— Tangu ile siku ya shule, mzee wangu.

— Na nani mwingine alikuwa anajua?

Kamanda akanyoosha mkono. Shangazi akanyoosha. Profesa akanyoosha wake nusu.

— Mimi niliambiwa na Kamanda, akajitetea.

— Kwa hiyo, mzee akasema polepole, kijiwe kizima kinajua nilipo, isipokuwa mimi.

Chaji alitamani ardhi ipasuke aingie na vifaa vyake vyote.

— Nimekukosea, mzee wangu. Nisamehe.

— Umenikosea, ndiyo. Mzee akakisugua kidevu. Ile siku niliogopa, mwanangu. Sijawahi kumwambia mtu. Niliyaona maandishi yangu pale langoni, nikajua haya ni yangu mimi. Lakini nyumba yangu iko upande gani, ikanipotea. Nikawa naishika ile herufi nisipotee na mimi. Sasa mnadhani ningeulizwa, ningekataa?

— Hatukudhani lolote, Chaji akasema. Hatukukuuliza tu.

— Basi niulizeni.

Chaji akajiweka sawa kwenye benchi kana kwamba yuko mbele ya wakwe.

— Mzee wangu, Mama Watoto anaomba aendelee kuona mahali ulipo. Aendelee?

— Aendelee.

Akabonyeza mwenyewe, kwa kidole kile chenye rangi. Kisha hakuirudisha simu mfukoni.

— Na mimi naweza kumwona yeye?

— Tunamtumia ombi. Akikubali, utamwona.

— Mwombe basi. Mwombe kwa adabu.

Chaji akatuma. Na hapohapo, ng'ambo ya barabara, nyuma ya kibanda cha mkate, simu ya mtu ikalia: tiling.

Wote wakageuza vichwa. Kwenye ubavu wa kibanda, chini ya MKATE WA LEO, kulikuwa na upindo wa gauni na ncha ya kiatu cha mama. Kumbe alipoona kidoti hakitembei, hakumngoja Chaji wala nani. Alipomaliza kumpigia tu, alimfuata mumewe kwa miguu toka nyumbani, akakaa amejibanza pale asubuhi yote. Kamanda, mlinzi wa miaka yote hiyo, alikuwa ametazama pande zote mbili isipokuwa mbele.

Ombi likakubaliwa, na kwenye kioo cha simu ya mzee vikatokea vidoti viwili, karibu vinagusana.

— Simu hii ina kasoro, mzee akamwambia Chaji, ingawa macho yake yalikuwa ng'ambo. Inasema yuko hapa.

— Haina kasoro, mzee wangu.

Mzee akamgeukia Shangazi.

— Kahawa imebaki?

Shangazi akalikamua birika. Kikatoka kikombe kimoja, cha mwisho. Mzee akaiacha simu benchini, akakishika kikombe kwa mikono miwili, akavuka. Katikati ya barabara akasimama. Akakitazama kile kikombe, akatazama kushoto, akatazama kulia, kama mtu anayejiuliza amekuja kufanya nini pale. Kamanda akainuka nusu. Dada mgeni akamshika mkono, akamrudisha chini.

Mama akatoka nyuma ya kibanda.

— Baba Watoto, akasema kwa upole. Kahawa ya nani hiyo?

Uso wa mzee ukafunguka.

— Yako, akasema. Nilikuwa nakutafuta.

Benchini, bila kuambiana, mmoja baada ya mwingine wakaipa barabara mgongo. Profesa akawa anasoma bango la kinyozi. Kamanda akautazama ukuta, na kwa mara ya kwanza hakulinda kitu.

— Wameshavuka? Profesa akauliza bila kugeuka. Hebu angalia humo kwenye simu.

Chaji akaiinua simu ya mzee, akailaza kioo chini.

— Hayo ni yao, akasema, akaanza kufungua simu ya yule dada.