Ukuta wa Chaki

Benchi hilo alilichonga baba yake Tepu, kwa ajili ya wateja waliosubiri suruali zao. Zamani lilikaa mlangoni mwa chumba cha ushonaji. Sasa liko ng'ambo ya barabara, kibarazani, likitazamana na mlango uleule, ila siku hizi humo ndani wanauza vioo vya simu. Tepu anashona hapo kibarazani kwa cherehani moja iliyobaki, na kila alasiri wenzake wawili humjia: Spana, fundi baiskeli, na Jaji, ambaye hajawahi kuhukumu hata kuku ila alikuwa tarishi wa mahakama miaka thelathini. Siku hiyo birika la kahawa lilikuwa limejaa, na Tepu alikuwa na barua ya kurudisha kwa wakili kabla ofisi haijafungwa.

— Isome tena, alisema Jaji.

— Nimeisoma mara tatu, bwana. Wakili mpya anataka mambo mawili. Yule wa zamani angewahisha rufaa ya kile chumba, ningeshinda? Na kwa kuchelewa kwake, nimepoteza nini? Nijaze, nitie sahihi, tumshtaki.

— Hilo nalo ni la kuuliza? Siku zilikuwa thelathini. Mwenzetu yule wakili akahesabu tangu alipopata nakala ya hukumu, badala ya tangu siku iliposomwa. Kafika dirishani pa mahakama siku tatu zimeshapita. Nilimwona kwa macho yangu akibembeleza.

— Na suruali yake ya kwanza ya mahakamani alishonewa mlemle, alisema Spana. Vipimo vyake vilikuwa ukutani.

Tepu akatazama ng'ambo. Mzee, baba yake, hakuwa na daftari. Vipimo vya mtaa mzima aliviandika ukutani kwa chaki, kiuno na urefu, na mtu akinenepa mzee hafuti, anaongeza chini yake. Tepu alijua ukuta ule kabla hajajua kusoma. Bado alikumbuka harufu ya pasi ya mkaa na mzee akiimba huku amebana pini midomoni. Alimkumbuka sana.

— Andika chumba, alisema Spana.

— Chumba hakitoshi, alisema Jaji. Andika na mwanao. Chumba kingekuwepo, asingeenda mbali kutafuta kazi.

— Asingeenda mbali, angeoa hapahapa. Andika na wajukuu.

— Wangapi?

— Weka wanne. Wawili wataonekana kama tunabahatisha.

— Na magoti yangu, aliongeza Jaji. Kule tulikuwa tunaota jua, huku kivuli kutwa nzima. Haya magoti kayaharibu wakili.

— Na timu ya mtaa je? Jezi zilishonwa mle. Tangu chumba kiondoke, tumeona kombe sisi?

Tepu alicheka mpaka kahawa ikampalia. Alipofuta macho, aliona mama mmoja amesimama na kitambaa mkononi. Alikuwa muuguzi, kahamia mtaani wiki hiyo.

— Samahani, kaka zangu, nimesikia bila kutaka. Kwani huyo wakili angewahi, mngeshinda?

Jaji akachungulia kikombe chake. Spana akaanza kusafisha kucha.

Tepu alijua jibu. Mwenye nyumba wa zamani alimwambia mzee, "Hiki chumba ni chako na wanao," akiwa amesimama anapimwa, mguu mmoja ndani ya suruali. Ilikuwa kauli tu. Alipokufa, warithi wake wakauza, na Tepu akaenda kuapa mahakamani kwamba karatasi ilikuwepo ikaliwa na mchwa. Miaka saba amemlaumu wakili, kwa sababu ilimradi kosa ni la wakili, chumba kilikuwa kimeponyoka kwa siku tatu tu.

— Tusingeshinda, dada. Karatasi haikuwepo.

— Na mchwa? aliuliza Jaji.

— Niliwasingizia.

Spana aliinua birika ammiminie, likatoa tone moja na machicha. Akalirudisha chini taratibu.

— Sasa utaandika umepoteza nini? aliuliza.

— Ule ukuta. Walionunua waliupaka rangi siku ya kwanza tu walipoingia, kabla hata wakili hajaanza kuhesabu vibaya.

Muuguzi alikunjua kitambaa, akasema anataka suruali ya kazini, isiyombana akiinama. Tepu akavuta tepu shingoni, akampima kiuno, akampima urefu. Akageukia ukuta, chaki mkononi, kisha akakumbuka kibaraza si chake. Akaitoa ile barua ya wakili, bila kuitia sahihi, akaigeuza, akaandika nyuma yake vile vipimo, tarakimu kubwa kama za mzee.

Halafu akawatazama wenzake, wote wawili wamejitandaza.

— Hebu sogeeni. Mpisheni mteja akae.