Bw. Protus Wandera: Mtunza Stoo Aliyeuliza Takataka Zinakwenda Wapi

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Bw. Protus Wandera, mtunza stoo wa Shule ya Sekondari ya Ukingoni hapa Kakuma, atakabidhi funguo zake baada ya kufanya kazi kwa miaka ishirini na minane na miezi kumi. Funguo hizo ni arobaini na moja. Yeye huzitambua kwa kuzipapasa tu bila kuzitazama. Atakayezipokea ameomba apewe wiki mbili na kalamu ya wino mzito.

Klabu ya Mazingira imepewa heshima ya kuandika wasifu huu kwa sababu ilifanya kazi pamoja naye mwezi wa Agosti, alipoondoa shehena kubwa kuliko zote alizowahi kuondoa. Lakini ni vizuri tuanze mwanzo.

Bw. Wandera alizaliwa Funyula, kaunti ya Busia. Alifika Lodwar Januari 1997 akiwa na sanduku moja na barua ya kuajiriwa katika stoo ya shule ya wavulana. Anasema siku ya kwanza aliuliza mvua hunyesha mwezi gani, na watu wakacheka mpaka akacheka nao. Alikusudia kukaa miaka miwili. Mwaka wa 2008, shule yetu ilipofunguliwa, alihamia Kakuma na hajahama tena. Anasalimia kila mtu kwa "ejok" ya Kiturkana yenye lafudhi ya Kisamia cha kwao, na wazee wa hapa humjibu kwa furaha kama wanavyomjibu mtoto aliyeanza kuongea. Ingawa si mwalimu, wote wanamwita Mwalimu.

Kiti kilichovunjika mguu alikiita mgonjwa. Ukimpelekea dawati bovu, aliligeuza juu chini, akalibonyeza hapa na pale, kisha akatoa uamuzi: "Huyu atapona," au, "Huyu tumlaze." Waliolazwa walipelekwa Bohari Kubwa, ule ukumbi mrefu wa mawe nyuma ya jikoni. Wachache walitoka.

Wengi wetu tulidhani alikuwa anapenda tu kuhifadhi vitu. Ukweli ni mwingine, na ametuomba tuuandike ili anayefuata asirudie kosa lake.

Mwaka wa 2011 shule ilikuwa na magodoro sitini yaliyoliwa na mchwa, pamoja na vitanda vilivyopinda. Bw. Wandera aliulizia bei kwa watu watatu wenye magari. Wawili walitaka pesa nyingi. Wa tatu alitaka robo ya bei yao, na alikuwa tayari kuanza siku hiyo hiyo. Bw. Wandera alimchagua huyo, akapongezwa na bodi kwa kuokoa fedha za shule. Hakumuuliza mzigo unakwenda wapi.

Ulikwenda kwenye laga, yaani mto wa msimu. Anayeishi hapa anajua kwamba mto wetu ni mchanga kwa sehemu kubwa ya mwaka, na akina mama huchimba visima katika mchanga huo. Mvua iliponyesha milimani, maji yalishuka kwa kishindo, yakabeba magodoro na kuyazika ndani ya visima pamoja na nyaya na vipande vya vitanda. Siku ya tatu Mama Emuria, jirani yetu mwenye mbuzi wengi na maneno mengi kuliko mbuzi, alifika langoni akiwa amebeba nusu ya godoro kichwani, maji yakimchuruzika mgongoni. Godoro lilikuwa na mhuri wa shule.

"Ejok, Mwalimu," alisema. "Nimekuletea mgeni yako. Amelala kwa kisima yangu siku tatu, na hata chai hajalipa."

Watu waliokuwa langoni walicheka. Bw. Wandera hakucheka. Alichukua sepetu, akashuka naye kwenye laga, na kwa siku kumi na moja, kila baada ya kazi, alichimba pamoja na akina mama hadi visima vikawa safi. Mama Emuria anasimulia kwamba siku ya kwanza Mwalimu alishika sepetu kama mtu anayeandika barua.

Tangu hapo hakutoa kitu tena. Aliona ni afadhali takataka zikae kwetu kuliko ziende kwenye maji ya watu. Hivyo ndivyo Bohari Kubwa ilivyojaa kwa miaka kumi na minne: madawati, vitanda, matangi ya plastiki yaliyopasuka, kompyuta zilizokufa, mabati yenye matundu. Panya na nge walipata nyumba bora kuliko walimu.

Mwezi wa Juni mwaka huu, Mwalimu Mkuu wetu, Bi. Sylvia Nyakio, alipokea habari njema yenye sharti. Mfadhili mmoja angetupa vitanda vya ghorofa na magodoro mapya kwa wasichana thelathini na sita, mradi chumba chenye ukubwa wa kutosha kiwe wazi na kimepakwa chokaa kufikia Ijumaa, tarehe 22 Agosti. Kisipokuwa tayari, lori lingegeuza na kupeleka vitanda Lokori, ambako shule nyingine ilikuwa inasubiri kwa hamu. Chumba cha namna hiyo kilikuwa kimoja tu.

Kwa wasichana wengine bweni ni jambo la starehe. Kwa baadhi yetu lilikuwa ndiyo au hapana. Anyieth wa Kidato cha Pili alikuwa akitembea saa mbili kuja na saa mbili kurudi. Baba yake alikuwa amesema wazi kwamba muhula wa tatu, bila bweni, hatarudi shuleni. Si kwamba baba yake ni mbaya. Aliogopa ile njia. Mwezi wa Julai Anyieth alianza kugawa vitabu vyake.

Bw. Wandera alipoambiwa, aliomba daftari jipya. Kwanza aliitisha kikao na bodi ili iidhinishe kwa maandishi vitu gani vitauzwa, vipi vitagawiwa na vipi vitatupwa, kwa kuwa mali ya shule haiondoki kwa mdomo. Jumamosi iliyofuata alipanda gari kwa nauli yake mwenyewe hadi Lodwar kuangalia jaa la taka lililotengwa nje ya mji. Alisimama pale akatazama mteremko wa ardhi, kuona maji ya mvua yangeelekea wapi. Aliporudi ndipo alipoanza kuzungumza na watu kuhusu bei.

Mwenye lori wa kwanza aliona kibao cha shule, akaona na nembo ya wafadhili chini yake, akataja shilingi elfu tisini. Hii hapa Kakuma tunaiita bei ya shirika. Bw. Wandera alimwambia kwa upole, "Ndugu yangu, umesoma kibao. Sasa ingia ndani usome mzigo." Hakuingia.

Wa pili alikuwa kijana wa tuktuk aliyetaka elfu nane kwa kila kitu. Alipoulizwa atapeleka wapi, alijibu, "Hiyo wachia mimi, Mwalimu. Wewe hutaona tena."

"Mimi sitaona," Bw. Wandera alimjibu. "Mama Emuria ataona."

Halafu alifanya jambo ambalo Klabu ya Mazingira haitasahau. Alitoa kiti, akakaa kando ya barabara kuu siku mbili nzima akihesabu malori. Alitufundisha kwamba lori linalotoka Lodwar limejaa na linalorudi Lodwar ni tupu, na kwamba mwenye lori tupu anachoma mafuta bure. Kumwomba mtu huyo abebe mzigo ni kumsaidia huku ukijisaidia. Siku ya pili alimsimamisha Lochakapong, ambaye huleta samaki wakavu kutoka Kalokol kila wiki na kurudi na harufu yao tu.

Walikunywa chai vikombe vitatu kila mmoja. Lochakapong aliingia Bohari Kubwa, akapanda juu ya madawati, akashuka akiwa mweupe kwa vumbi. Walikubaliana kwamba vyuma vitauzwa Lodwar kwa kilo mbele ya Bw. Wandera na fedha zake zitakuwa za shule. Kwamba vitu vingine vitafika jaani, si pungufu ya hapo. Na kwamba malipo ni elfu ishirini na nane kwa safari mbili, nusu mwanzo na nusu mwisho.

"Mwalimu, umenikamua," Lochakapong alilalamika akipeana mkono. "Hata ngamia ungeachia mtoto wake kidogo."

"Ningekukamua kweli, ningetaja elfu kumi na tano na ungekubali," alisema Bw. Wandera. "Halafu ungetupa njiani. Nimekuachia maziwa ili ufike."

Mmoja wetu alimuuliza baadaye bei ya haki ni ipi. Alisema ni ile ambayo mkikutana sokoni kesho, hakuna atakayejificha nyuma ya duka.

Safari ya kwanza ilikwenda salama tarehe 13 Agosti. Bw. Wandera alikaa mbele na dereva hadi jaani na akarudi ananuka samaki. Safari ya pili ilikuwa ifanyike Jumatano tarehe 20. Asubuhi hiyo Lochakapong alipiga simu kutoka Kalokol: gia zimekufa, fundi anatafutwa, labda Ijumaa. Bohari Kubwa ilikuwa bado imejaa nusu. Vitanda vilikuwa vinafika baada ya siku mbili.

Yule kijana wa tuktuk alisikia, kwa maana Kakuma husikia. Alifika langoni na wenzake watatu na kusema Alhamisi jioni chumba kitakuwa kitupu, kwa bei ile ile.

Bi. Nyakio alikuja stoo. Tulikuwa tunafunga mabati, kwa hiyo tuliyasikia maneno yao.

"Wandera, ni wasichana thelathini na sita. Nitawaambia nini?"

"Sema mzee wa stoo alikataa, Madam."

"Sitasema hivyo. Nataka uniambie tufanye nini."

Alivua kofia, akaifuta, akaivaa tena. Alisema mzigo hautakwenda kwenye laga, na kwamba kama Anyieth atakosa kitanda kwa ajili yake, atakwenda mwenyewe kumwambia baba yake. Kisha akafungua daftari kwenye ukurasa wa vitu ambavyo bodi iliruhusu vigawiwe, akausoma polepole, na akatoka bila kutuambia anakokwenda.

Alikwenda kwa Mama Emuria.

Alhamisi, jua lilipochomoza, tuliwakuta langoni watu zaidi ya arobaini, Waturkana wa kando ya laga na majirani wa kambi ya wakimbizi, wengine na punda, wengine na mikokoteni. Mama Emuria alikuwa mbele.

"Mwalimu, mwaka ile ulinipea godoro bila kuuliza kama nataka," alisema. "Leo nachagua mwenyewe."

Hakuna aliyechukua bila kuandikwa. Jina, kitu, na mahali kinakokwenda: vyote viliingia kwenye daftari. Tangi lililopasuka lilikatwa katikati likawa mahali pa kunyweshea mbuzi. Mabati yenye matundu yalikwenda kuwa paa za mabanda ya kuku. Thiong, seremala anayefundisha vijana kambini, alichukua mbao za madawati yote, akasema zitakuwa viti kabla ya Krismasi, na kweli viwili vipo ofisini sasa. Kufikia saa nane mchana kilichobaki ni vyuma, kompyuta na magodoro yaliyooza. Tulivipanga nje, kando ya ukuta, tukavifunika kwa turubai. Ukumbi ulikuwa mtupu. Tulifagia nge kumi na tisa. Tulipaka chokaa mpaka mikono ikawa mizito.

Lori la vitanda lilifika Ijumaa saa nne asubuhi. Msimamizi wake alishuka, akatazama ndani, akagusa ukuta na kidole chake kikatoka cheupe, maana chokaa ilikuwa haijakauka vizuri. Akauliza kama kuna mtu wa kusaidia kushusha. Lochakapong alifika Jumapili na gia mpya na kuchukua vilivyobaki. Bw. Wandera alipanda naye tena hadi jaani, na akamlipa nusu ya pili papo hapo, ingawa mzigo ulikuwa umepungua. Alisema makubaliano yalikuwa ya safari, hayakuwa ya uzito.

Mambo mengine aliyoyafanya hayatatoshea katika ukurasa huu. Katika miaka yote aliyokuwa nasi hakuna mtihani uliochelewa kwa kukosa karatasi. Aliwafundisha watu wa jikoni kupima mahindi bila kupoteza kikombe. Aliwahi kumfukuza mbuzi ofisini kwa kumsomea kanuni za stoo, na mbuzi akatoka.

Anastaafu akiwa na afya njema na anarudi Funyula, ambako mkewe ana shamba la mihogo na orodha ndefu ya mambo yaliyosubiri. Kwa niaba ya Bi. Nyakio, walimu, wafanyakazi, majirani wa laga na wanafunzi wote, tunamshukuru kwa kila dawati alilolitibu na kwa kila swali alilouliza kabla ya kulipa. Tunamwombea kwa Mungu mvua ya kiasi, usingizi mzuri na majirani wacheshi.

Muhula wa tatu ulipofunguliwa, baba yake Anyieth alikuja naye hadi mlangoni pa bweni. Alikikagua kitanda, akakitikisa, akakaa juu yake kidogo. Kisha aliweka sanduku la binti yake chini, akaaga, akashika ile njia peke yake.

Nenda salama, Mwalimu. Sisi tumo ndani, tunasoma.

Akuol Atem, Kidato cha Tatu
Katibu, Klabu ya Mazingira